Duka la viungo Arusha: mtu wa Nairobi anataka jina letu na mapishi, tuanzie wapi?

SagaMbichi (mwanzisha mada)

Habari za humu wakuu. Naomba mwongozo wa wanaoijua kazi hii.

Tuna duka la viungo na siagi ya karanga Arusha mjini, na tawi Moshi. Karanga na viungo vinasagwa mteja akiona. Vinavyotoka zaidi ni pilau masala, chai masala na siagi ya karanga ya gramu 400. Kampuni imesajiliwa BRELA. Alama ya ubora ya TBS tunayo kwa pilau masala na siagi. Chai masala iko njiani. VAT bado hatujafikia kiwango.

Mfanyabiashara wa Nairobi anataka kufungua duka lenye jina letu mtaa wa South B, kisha baada ya mwaka Nakuru na Kisumu. Anapendekeza atulipe 5% ya mauzo kila mwezi, nasi tumpe mapishi yote na mafunzo ya wiki mbili. Kuna mwingine anasema atatuingiza kwenye supermarketi za huko.

Ninachotaka kujua: tudai nini, tulinde nini, na kama mzigo utatoka Arusha, unapitaje Namanga bila kuliwa na gharama?

---

KalamuNaMuhuri

Mkuu, weka kando asilimia na mapishi kwanza. Huwezi kukodisha nyumba isiyo yako, na Kenya jina hilo bado si lako.

Kusajili kampuni BRELA si kusajili alama ya biashara. Ofisi ni moja, daftari ni mbili. Jina la kampuni linamzuia mwingine asisajili kampuni ya jina hilo Tanzania Bara. Halimzuii kulichapa kwenye pakiti. Na hata alama ikisajiliwa BRELA, nguvu yake inaishia Bara. Zanzibar ni BPRA kwa sheria yao wenyewe. Kenya ni KIPI, ofisi yao ya alama za biashara.

Utasikia watu wakisema kuna mfumo wa Madrid, ombi moja nchi nyingi. Kenya na Rwanda wamo, Tanzania haimo, kwa hiyo usajili wa BRELA hauwezi kuwa msingi wa kuutumia. Itifaki ya Banjul ya ARIPO (shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika) inazo Tanzania na Uganda, Kenya haimo. Kwa Nairobi, basi, njia ni kuomba KIPI moja kwa moja kupitia wakala anayeruhusiwa huko. Utaratibu:

Fanya upekuzi wa jina kwenye daftari la Kenya kabla hujalipa kitu kingine. Tafuta pia majina yanayofanana kwa sauti, maana msajili anaangalia matamshi, si herufi pekee.

Omba katika madaraja yote (makundi ya bidhaa na huduma) yanayokuhusu. Viungo na masala ni daraja la 30. Siagi ya karanga iko 29, na hapo ndipo wengi wanapoteleza kwa kudhani chakula chote kiko 30. Huduma ya duka la rejareja ni 35. Ukisajili 30 peke yake, mtu anaweza kufungua duka lenye jina lako akauza siagi, nawe ukabaki na kesi ngumu.

Kama ombi la BRELA ni jipya, una miezi 6 ya kuomba Kenya ukidai tarehe ileile ya BRELA, kwa Mkataba wa Paris. Baada ya kutangazwa, kuna siku 60 za pingamizi. Usajili wa Kenya unadumu miaka 10. Wa Bara miaka 7 ya kwanza, kisha unahuishwa kwa miaka 10.

Jina la kueleza bidhaa, mfano "Viungo Halisi" au "Pilau Tamu", litakataliwa, au litapita likiwa dhaifu. Kama lenu ni la namna hiyo, sajilini nembo pamoja na maandishi, au tafuteni jina jingine mapema kabla bango la kwanza halijapanda.

Na akikwambia "mimi niko huku, niachie nikusajilie", mshukuru ukatae. Anayeandikwa kwenye daftari ndiye mwenye mali. Yeye ataandikwa baadaye kama mtumiaji aliyeruhusiwa, na ruhusa hiyo nayo ipelekwe KIPI.

---

HesabuKwanza

Naungana na aliyetangulia. Mimi nitagusa hela.

Hiyo 5% inasikika vizuri mpaka uifanyie hesabu. Tuseme duka linauza KES 450,000 kwa mwezi. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lako, ni 22,500. Wewe si mkazi wa Kenya, kwa hiyo anapokulipa mrabaha anakata kodi ya zuio 20% na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya: zinabaki 18,000. Halafu swali gumu: nani anakuambia kwamba mauzo ni 450,000 na si 280,000? Uko Arusha. Nusu ya wateja wanalipa kwa simu, nusu taslimu.

Sasa geuza. Usimpe mapishi. Muuzie mchanganyiko. Duka hilo likitumia kilo 120 za masala kwa mwezi na wewe ukabaki na KES 150 kwa kila kilo baada ya gharama zote, umepata 18,000 ileile. Hiyo ni faida ya bidhaa, si mrabaha, hivyo ile 20% haiigusi. Na unaijua siku unayopakia, huhitaji ripoti ya mtu.

Ndivyo Coca-Cola ilivyojengwa. Kiwanda cha Bonite pale Moshi kinajaza soda chenyewe, lakini kiini cha soda kinatoka kwa mwenye jina.

Faida ya pili: kilo zinakuwa polisi wa mauzo. Kilo 120 zikifungwa pakiti za gramu 100 ni pakiti 1,200. Toa 2% ya kumwagika na vionjo, zinabaki kama 1,176. Zidisha kwa bei ya rafu. Akitangaza mauzo chini ya hapo, ama amebaki na shehena ama kuna mchezo. Akitangaza juu ya hapo, ndiyo hatari zaidi: anajaza pakiti zako masala ya mtu mwingine.

Siwezi kusema mrabaha uachwe kabisa. Uwe mdogo, wa kiwango kisichobadilika kwa mwezi, kwa ajili ya jina na usimamizi. Kiwango maalumu hakina ubishi wa mauzo. Ada ya kuingia nayo iwe ya kufidia gharama halisi: mafunzo, mtu wako kukaa kule wakati wa ufunguzi, michoro ya duka, wakili. Ukiifanya ndiyo faida yako, utajikuta unauza matawi kwa kila mwenye hela.

Tahadhari upande wa pili: ukimfunga anunue kwako tu, ukishindwa kupeleka umemuua. Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilitoka nje na meli zikachelewa, wakati Nyandarua kumejaa viazi. Wauzaji wa ndani hawakuwa wameidhinishwa kwa viwango vyao. Watu walicheka na kukasirika kwa pamoja. Kwako wewe: mkataba umtake awe na akiba ya wiki 6 za mchanganyiko dukani, na uandike ni nini anaruhusiwa kununua kwingine, kwa vipimo gani, mzigo ukichelewa zaidi ya siku 14.

Nakuru na Kisumu usimpe sasa. Mpe haki ya kwanza ya kuzipata, kwa sharti: South B iwe imefungua kwa tarehe fulani, imenunua si chini ya kilo fulani kwa miezi 12 mfululizo, na haidaiwi. Akikosa moja, haki inakufa yenyewe bila barua. "Kenya nzima ni yako" ndiyo sentensi ghali kuliko zote kwenye mikataba ya namna hii.

---

NjiaYaNamanga

Upande wa mpaka.

Cha kwanza, ushuru na kodi ni vitu viwili. Bidhaa yenye uasili wa Afrika Mashariki inaingia Kenya kwa ushuru wa forodha 0%. VAT ya Kenya 16% inabaki palepale. Watu wengi wanapiga hesabu ya bei wakidhani cheti cha uasili kinafuta kila kitu, wanafika Namanga wanakwama. Kama mshirika wako amesajiliwa VAT, atairudisha kwenye marejesho yake. Kwa mauzo ya 450,000 kwa mwezi anafikia milioni 5.4 kwa mwaka, na kiwango cha kujisajili Kenya ni milioni 5, kwa hiyo ajisajili mapema, kabla ya mzigo wa kwanza. Asipojisajili, hiyo 16% inageuka gharama na bei ya rafu inapotea.

Cha pili, kuna milango miwili.

Mlango mdogo ni utaratibu wa biashara uliorahisishwa. Mzigo usizidi dola 2,000 na bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa kati ya nchi hizo mbili. Cheti rahisi cha uasili kinatolewa na forodha pale mpakani. Kilo 120 kwa KES 900 ni 108,000. Kwa dola moja kama shilingi 129 za Kenya, ni dola 830 na ushee, uko ndani kabisa. Ila usikate mzigo mmoja wa dola 5,000 vipande vitatu siku moja. Maofisa wanakijua kitendo hicho. Na utaratibu huu haukufutii TBS, KEBS (shirika la viwango la Kenya) wala vibali vya mimea. Unarahisisha karatasi za forodha tu.

Mlango mkubwa ni tamko kamili kupitia wakala wa forodha mwenye leseni. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, tamko la kuingiza linafanywa Kenya na kodi inalipwa kabla mzigo haujaondoka Arusha. Kwa hiyo anayetakiwa kuwa tayari kwanza ni yule wa Nairobi na wakala wake: PIN ya KRA, ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha uasili. Gari likitangulia karatasi, unalipia maegesho.

Cha tatu, mambo yanayokwamisha kwelikweli:

Ankara inasema "spices" na pakiti inasema "pilau masala". Maelezo, uzito na idadi vilingane kwenye kila karatasi, kuanzia oda.

Alama ya TBS inatambuliwa Kenya kwa Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006, lakini leseni ni ya bidhaa moja, ya kiwanda kimoja. Chai masala yenu haina leseni bado? Usiipandishe gari kwa kuificha katikati ya maboksi ya pilau. Beba nakala ya leseni iliyo hai, siyo picha ya nembo.

Viungo vizima, yaani vijiti vya mdalasini, iliki, karafuu, ni mazao ya mimea: cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya hapa, na mwenzako awe amepata kibali cha kuingiza cha KEPHIS, wenzao wa Kenya, kabla, siyo siku hiyohiyo.

Karafuu za Zanzibar zinanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, pekee kutoka kwa mkulima. Kama mnatumia za Unguja au Pemba, stakabadhi zifuate mkondo huo. Kinyume chake ni magendo. Za Morogoro na Tanga hazina shida hiyo.

Msimbo wa bidhaa, yaani namba yake ya forodha. Mchanganyiko wa viungo ni 0910.91. Siagi ya karanga ni 2008.11. Ukiongeza chumvi, vitunguu saumu vya unga na vikolezo vingine mpaka sura ya viungo ipotee, unahamia 2103.90. Amueni mapema, kwa sababu kanuni ya uasili inafuata msimbo.

---

SagaMbichi

Nashukuru sana wakuu. Hilo la mwisho limenishtua. Pilau masala yetu ina binzari nyembamba nyingi tu, na tunainunua Kariakoo ikiwa imetoka India. Iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu ni za hapahapa. Je, bado ni bidhaa ya Tanzania? Na kama namuuzia mchanganyiko tayari, siri ya mapishi nailindaje wakati lebo inataka viungo viandikwe?

---

NjiaYaNamanga

Swali zuri, na ndilo linalowaangusha wauza masala wengi.

Siagi ya karanga yako ni nyepesi: karanga za Dodoma au Singida, chumvi ya hapa, imepatikana kikamilifu nchini. Kwa pilau masala yenye jira (hiyo binzari nyembamba) ya India, huwezi kutumia kigezo hicho. Unahamia kwenye kigezo cha bidhaa kugeuzwa vya kutosha, na Kanuni za Uasili za Jumuiya za mwaka 2015 zina jedwali la kila sura ya msimbo pamoja na orodha ya kazi ambazo hazihesabiki. Kuchanganya tu viambato vya nje kumo kwenye orodha hiyo. Ofisa akiamua kwamba ulichofanya na ile jira ni kuichanganya tu, cheti kinakataliwa, na mzigo unatozwa kama umetoka nje ya Jumuiya. Ngazi za ushuru wa pamoja ni 0, 10, 25 na 35%. Faida yako ya kilo imekwisha hapo.

Ushauri wangu: itoe jira kwenye mzigo. Vusha mchanganyiko wa iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu, vyote vya Tanzania, ukiwa na stakabadhi za manunuzi za kila kimoja na mahali kilipotoka. Jira ainunue Nairobi, ipo tele, akaikaange na kuisaga dukani kwa vipimo vyako. Uasili unakuwa safi. Uzito wa kusafirisha unapungua. Na harufu ya jira inayokaangwa ndiyo inayomvuta mpita njia kuingia, kitu ambacho pakiti iliyofungwa Arusha haiwezi kufanya.

---

HesabuKwanza

Na hapo siri nayo imepata dawa. Lebo kwa kiwango cha EAS 38 inataka viambato vyote, kuanzia kizito hadi chepesi. Majina hayafichiki. Kinachofichika ni uwiano na namna ya kukaanga.

Gawa mchanganyiko mara mbili. Pakiti A na pakiti B, kila moja imekwisha kusagwa pamoja, herufi tu nje. Dukani wanajua: A gramu 300, B gramu 150, jira iliyosagwa gramu 550, kwa kila kilo (tarakimu ni za mfano, weka zako). Mfanyakazi akihama kesho, ameondoka na uwiano wa jira, hajui kilichomo A. Hata Arusha, anayepima A asiwe yule anayepima B.

Ila rudi kwenye ile hesabu ya kilo: sasa unavusha kilo 54 kwa kila 120 zinazouzwa, kwa hiyo faida ya 18,000 inapaswa ikae kwenye kilo 54, yaani kama KES 333 kwa kilo. Bei ya A na B ipangwe hivyo tangu mwanzo. Ukisahau, umejipunguzia mapato kwa zaidi ya nusu huku ukidhani umeboresha mambo.

---

MezaYaMaabara

Naona hakuna aliyegusa sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu), na kwa siagi ya karanga ndipo biashara inapofia. Kikomo cha Afrika Mashariki kwenye karanga ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na 5 kwa aina yake iitwayo B1. Mwaka 2019 KEBS ilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga madukani Kenya. Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Tawi moja likikamatwa, jina linaloandikwa gazetini ni lenu, si la mwenye tawi.

Sumu haisambai sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa safi na jirani yake likawa limeoza, na ndani ya gunia punje chache ndizo zenye karibu sumu yote. Ndiyo maana kiganja kimoja cha juu ya gunia hakipimi kitu. Ingiza bambo (chombo cha kutolea sampuli) kwenye kila gunia, juu, katikati na chini. Changanya yote, saga yote, kisha ndipo utoe sampuli ya maabara. Matokeo ya sampuli mbovu yanakupa cheti kizuri na mzigo mbaya.

Kukaanga hakumalizi sumu. Kinachosaidia zaidi ni kuchambua kwa mikono baada ya kukaanga na kutoa maganda, kwa sababu punje zilizobadilika rangi, zilizonyauka na zilizovunjika zinaonekana vizuri wakati huo. Zitupwe kabisa, zisiende kwenye kashata wala chakula cha kuku.

Kwa hiyo mshirika wa Nairobi asiachiwe kununua karanga sokoni kiholela. Ama mnampelekea karanga zilizokaangwa, kuchambuliwa na kupimwa kutoka Arusha, zikiwa na namba ya bechi, ama anapewa orodha ya wauzaji mliowaidhinisha na kila bechi ipimwe kabla ya kusagwa. Mpelekeeni zilizochambuliwa.

Viungo: unyevu ndio adui wa kwanza, joto la mashine la pili. Kinu kidogo kikizunguka bila kupumzika kinapata moto na mafuta ya harufu yanaondoka. Iliki ndiyo inayoumia kwanza. Saga kwa mikupuo mifupi, acha unga upoe umetandazwa, ndipo ufunge. Ukifunga ukiwa wa moto, unatoa jasho ndani ya pakiti na baada ya wiki chache una mabonge na ukungu. Kitabu cha uendeshaji kiandike ukubwa wa tundu la chekeche, muda wa kila mkupuo na muda wa kupoza. Maneno kama "saga vizuri" yafutwe.

---

Jirani254

Niongezee ya huku kwetu.

Duka likisaga na kufunga Nairobi, huo ni uzalishaji wa Nairobi. Alama yenu ya TBS haifuniki hiyo pakiti. Mwenye duka atahitaji alama ya KEBS kwa jina la bidhaa na mahali hapo pa kusagia, leseni ya kaunti, kibali cha usafi wa chakula, na vyeti vya afya vya wahudumu. Kile kinachosagwa mteja akisubiri na kubebwa hapohapo ni tofauti na kilichofungwa kikawekwa rafuni. Mkitaka kuanza haraka, anzeni na cha kusagwa papo hapo, pamoja na siagi iliyofungwa Arusha yenye TBS, huku ombi la KEBS likiendelea.

Kuhusu bei, msimwandikie kwenye mkataba kwamba lazima auze pakiti kwa bei fulani. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inakataza kumpangia muuzaji bei ya kuuzia. Bei elekezi inaruhusiwa, iandikwe wazi kwamba ni ya kupendekeza na hailazimishi.

Mauzo yake mnaweza kuyaona mkitaka. Ankara za kodi huku zinapitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, kwa hivyo sharti la kukutumia muhtasari wa mwezi si la kumwonea. Akikataa hilo, jua mapema.

Halafu yule wa supermarketi. Kubali polepole sana. Mzigo unachukuliwa leo, malipo ni siku 60 au 90 kama kila kitu kimeenda sawa, na kisichouzwa kinarudishwa kwako kikiwa kimechoka. Nakumatt ilipoanguka na wadai kupiga kura ya kuifunga Januari 2020, wasambazaji wadogo ndio waliobaki na ankara mikononi. Pia kuna msuguano: ukimpa mtu wa South B eneo la kilomita kadhaa peke yake, halafu pakiti zako zikaonekana kwenye supermarketi mtaa wa pili kwa bei ya chini, umevunja mkataba wako mwenyewe. Kama lazima, wekeni supermarketi pakiti ya ukubwa tofauti ambayo duka haliuzi, na mseme hivyo kwenye mkataba. Msimbo wa mstari mtauhitaji hapo. Wa GS1 Tanzania unaanza na 620 na unasomeka huku bila shida.

---

KalamuNaMuhuri

Narudi kwa vipengele vya mkataba, kwa kuwa Tanzania na Kenya hakuna sheria maalumu ya fransaizi, yaani kumruhusu mtu aendeshe duka kwa jina lako. Afrika Kusini sheria inamlazimisha mwenye jina kutoa hati ya taarifa siku 14 kabla ya kutia saini na inampa mnunuzi siku 10 za kazi za kujiondoa. Huku kwetu kinachokulinda ni karatasi uliyoandika, basi. Si vibaya kumpa hati kama hiyo hata kama hulazimishwi: gharama halisi za kufungua, mauzo ya Arusha na Moshi kama yalivyo kwenye mashine za EFD, idadi ya miezi mpaka duka lijilipe. Akija kudai alidanganywa, hati ipo.

Muda: miaka 5, na mlango wa kutoka mwisho wa mwaka wa kwanza kwa pande zote mbili.

Mali za mtandaoni: laini ya simu ya duka, akaunti ya WhatsApp ya biashara, kurasa za Instagram na TikTok, na alama ya duka kwenye ramani ya Google, vyote vifunguliwe na nyinyi, yeye apewe ruhusa ya kutumia. Mikataba mingi inakumbuka bango na kusahau namba ya simu, na wateja wanafuata namba.

Kuvunjika: siku 7 kushusha bango, kurudisha A na B zilizobaki kwa bei ya ununuzi, kufuta usajili wa mtumiaji KIPI. Zuio la kufungua duka la aina hiyo liwe na mipaka, mfano miezi 12 na mtaa huo. Ukiandika "miaka 10 Kenya nzima", mahakama inaweza kulitupa lote.

Migogoro: usuluhishi, si mahakama ya Arusha. Kenya na Tanzania zote zimo kwenye Mkataba wa New York, kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi unatekelezeka Nairobi alipo yeye na mali yake. Kituo cha usuluhishi cha NCIA cha Nairobi kinafaa.

Malipo ya mzigo: nusu kabla ya kupakia, nusu kabla gari halijaondoka Arusha, angalau mwaka wa kwanza.

Na Moshi, linaendeshwa na nani? Kama bado mnakwenda wenyewe kila wiki kuonja na kurekebisha, kitabu cha uendeshaji hakijaiva. Liacheni miezi 6 mikononi mwa meneja na kitabu tu, A na B zikitoka Arusha kama zingekwenda Nairobi. Muda huohuo ombi la KIPI linatembea, hivyo hampotezi kitu.

---

SagaMbichi

Moshi bado tunakwenda, sifichi. Basi tunaanza na upekuzi wa KIPI kwa 29, 30 na 35, na wiki hii tunatenga A na B. Mtu wa Nairobi nitamwambia mapishi hayamo kwenye mauzo, tuone kama bado anataka. Mwenye uzoefu wa mawakala wazuri wa alama za biashara Nairobi anitumie ujumbe wa faragha tafadhali, na kama kuna anayejua maabara inayotoa majibu ya sumukuvu ndani ya wiki moja kwa Kanda ya Kaskazini, aandike hapa.